Wasee Wanalipwa Doh Kuzika Hewa Chini ya Ardhi: Cheki Vile Hii Biznesi Inaenda

Ankoo wangu wa Mwea alinipigia simu wiki mbili zimepita akiwa amechemka. Kuna wasee walikuwa wamefika kwa kinu cha mchele karibu na kwake wakiuliza kama wanaweza kubeba maganda, yale ambayo miaka yote huchomwa tu ama hurundikwa nje mpaka yanakuwa mlima. Mmoja wao akateleza akataja "kaboni." Ankoo alikuwa na maswali mawili. "Kijana, si wewe hushinda kwa intaneti? Niambie, hiyo kaboni ni kitu ya kuuzwa? Na kama inauzwa, mbona wanataka maganda bure?"

Maze, nilinyamaza. Mimi nimezoea kuwaandikia nani ameachana na nani na ni nani amenunua gari mpya. Lakini swali la mzee halitupwi hivyo tu, basi nikaingia rada nikasoma. Nilichopata ni kwamba kuna soko zima huko nje, la mabilioni, ambapo kampuni kubwa za dunia zinalipa watu watoe hewa ukaa angani na kuifungia mahali haitarudi. Kenya tuko ndani ya hiyo stori kuliko vile wengi wetu tunajua.

Fuliza ya dunia

Anza hapa. Tukichoma petroli, makaa ya mawe ama gesi, inatoka hewa ukaa, ile kaboni dioksidi. Kabla ya viwanda, hewa yetu ilikuwa na kama molekuli 280 za hiyo gesi kwa kila milioni. Leo zimepita 420. Na kila mwaka dunia inaongeza kama tani bilioni 37 kutoka kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe pekee. Bahari na mimea zinameza kiasi, lakini inayobaki juu inakaa mamia ya miaka, nyingine maelfu, ikishika joto kama blanketi ya Molo.

Fikiria Fuliza. Kila mtu anajua Fuliza. Ukiamua leo hutakopa tena, hiyo ni poa sana, lakini deni la jana bado liko na linakungoja. Kuweka sola, kununua boda ya stima, kufunga mitambo ya makaa ya mawe, hiyo yote ni kuacha kukopa. Deni lenyewe bado halijaguswa. Kulipa deni ni kitu kingine: lazima mtu aende atoe ile gesi iko hewani tayari. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, IPCC, lilisema 2022 kwamba kama dunia inataka kufika sifuri, hiyo kazi ya kutoa haiwezi kuepukika, kwa sababu kuna moshi mwingine, kama wa ndege na simiti, ni ngumu kuumaliza kabisa.

Na hakuna mtu serious anasema tuendelee kuchoma kwa sababu tutatoa baadaye. Ukisikia mtu anauza hiyo lugha, shika wallet yako.

Kaboni si moja

Hapa ndio watu wengi hupotea, na hapa ndio makanjanja hupenda kusimama. Neno ni moja, "kredi ya kaboni", na kila kredi ni tani moja ya hewa ukaa. Lakini ndani ya hilo neno kuna bidhaa tofauti kabisa.

Kuna kredi za kuzuia. Mtu anagawa majiko bora kijijini, anahesabu kuni ambazo hazikuchomwa, anauza hiyo tofauti. Huyo hajatoa kitu hewani, anasema tu kuna kitu kingeingia na hakikuingia. Shida ni kwamba "kingeingia" ni hesabu ya kukisia. Utafiti mmoja uliochapishwa 2024 kwenye jarida la Nature Sustainability uliangalia miradi ya majiko ukapata kredi zilikuwa zimehesabiwa kupita kiasi karibu mara 9. Majiko yenyewe ni mazuri, yanaokoa mapafu ya mamathe wetu. Hesabu ndio ilikuwa na ngori.

Halafu kuna kredi za miti. Hizi Kenya tumezijua kitambo. Pale Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kredi za mikoko tangu 2013, na hiyo pesa imeleta maji na vitabu vya shule. Mimi naheshimu sana hiyo kazi. Mti kweli unavuta hewa ukaa, hakuna mjadala. Lakini mti ni akaunti unaweza kutoa pesa wakati wowote. Moto ukipita, ukame ukishika, ama mwenye shamba akikata achome makaa, kaboni yote inarudi juu. Ile tani ya petroli uliyochoma wewe itakaa hewani miaka mingi kuliko huo mti. Ni kama kulipa Fuliza na mkopo wa app nyingine. Leo message inasema deni limeisha, kesho app inakupigia.

Ya tatu ndio stori yetu ya leo: kaboni inayodumu. Unaitoa hewani, unaigeuza ama kuifungia mahali itakaa muda mrefu sana. Wanunuzi wengine wakali, kama kikundi cha Frontier, wanataka zaidi ya miaka 1,000. Wengine wanakubali mia kadhaa.

Magadi ndio siri

Unafungiaje gesi miaka elfu moja? Jibu umelila. Kama umewahi kupika maharagwe ama githeri na magadi, umetumia kaboni iliyofungwa na dunia yenyewe. Ziwa Magadi kule Kajiado limejaa chumvi ya kaboneti, yaani hewa ukaa iliyoshikana na sodiamu ikawa kitu kigumu. Ganda la yai ni kaboneti pia. Mawe ya matumbawe yaliyojenga nyumba za zamani Lamu na Mombasa, kaboneti. Dunia imekuwa ikifunga hewa ukaa kwa mawe tangu zamani, shida ni kwamba inaenda pole pole, kwa maelfu na mamilioni ya miaka. Hii biznesi yote ni watu wakijaribu kuiharakisha.

Njia maarufu zaidi ni mashine. Unaweka feni kubwa zinavuta hewa ipite kwa kichujio chenye kemikali inayopenda hewa ukaa. Gesi inanata hapo. Kichujio kikijaa unafunga mlango, unakipasha moto, gesi inaachilia ikiwa safi, unaikusanya. Rahisi kusema. Sasa chukua gunia la mahindi, hesabu punje 10,000, changanya na maharagwe manne tu, halafu mwambie mtu achague hayo manne. Hivyo ndivyo hewa ukaa ilivyo kwenye hewa: nne kwa kila elfu kumi. Ndio maana hiyo mashine inakula nishati vibaya. Kwa tani moja unaongea kama yuniti 2,000 ama zaidi, sehemu kubwa ikiwa ni joto. Keja inayotumia yuniti 50 za tokeni kwa mwezi ingekaa na hizo zaidi ya miaka mitatu.

Baada ya kukamata, unazika. Waliofungua hiyo njia wako Iceland. Kampuni ya Carbfix inachanganya gesi na maji, kama vile soda inatengenezwa, halafu inasukuma hiyo soda chini kwenye mawe ya volkano yanayoitwa basalti. Hayo mawe yana kalisi, magnesi na chuma. Soda ina asidi kidogo, inayayeyusha, halafu vitu vinashikana vinakuwa jiwe jipya. Watu walidhani itachukua karne. Mwaka 2016 wanasayansi wakachapisha matokeo: zaidi ya asilimia 95 ya gesi waliyoisukuma iligeuka jiwe kwa chini ya miaka miwili. Hilo jiwe halitoroki. Linakunywa maji mengi lakini, kama tani 25 za maji kwa tani moja ya gesi, na hilo nitalirudia.

Kampuni ya Uswisi, Climeworks, ilifungua mtambo wa Orca hapo Iceland Septemba 2021, wa kukamata tani 4,000 kwa mwaka ukienda sawa. Mei 2024 wakawasha mwingine, Mammoth, wa tani 36,000. Hizo namba ni za makaratasi. Uhalisia umekuwa mgumu, mitambo haijafika hapo, na 2025 kampuni ikapunguza wafanyakazi. Hata ingefika, linganisha tani 36,000 na bilioni 37. Ni kama kuchota Ziwa Naivasha na kikombe cha chai.

Mbona wanaangalia Bonde la Ufa

Sasa uliza: ni nchi gani ina joto la bure ardhini, stima safi, na mawe ya volkano mahali pamoja? Iceland, ndio. Na Kenya. Kama umewahi kwenda Hell's Gate ukaona ule mvuke unapanda Olkaria, umeona mtaji wenyewe. Tumekuwa tukitoa stima hapo tangu 1981, na leo mitambo ya mvuke nchini inaweza kutoa zaidi ya megawati 900. Karibu asilimia 90 ya stima yetu ni safi. Ukiendesha hiyo mashine na stima ya makaa ya mawe utakuwa unachoma ndio uzime, kwa hivyo hiki ni kitu kikubwa.

Ndio maana kuna kampuni ya hapa Nairobi inaitwa Octavia Carbon, ilianza 2022, inatengeneza mashine zake yenyewe na mainjinia vijana Wakenya. Mradi wao wa Gilgil unaitwa Hummingbird, umepangwa kwa tani 1,000 kwa mwaka, na wameshikana na kampuni nyingine, Cella, inayohusika na kuzika gesi kwenye mawe. Tani 1,000 ni kidogo sana, lakini ni mboka inayofanywa hapa na mikono ya hapa, na hiyo imenifurahisha kuliko press release yoyote.

Kuna mvutano lakini. Usiku wa manane watu wamelala, mvuke mwingine wa Olkaria huachiliwa bure hewani kwa sababu hakuna mtu wa kununua stima. Hapo mashine ikitumia, hakuna mtu ameumia. Saa moja jioni ni stori nyingine: kila mtu anapika, anawasha TV, na gridi inakohoa mpaka mitaa mingine inazimiwa. Mashine ya kunyonya hewa ikivuta stima saa hiyo ndio kampuni ya ng'ambo ifute moshi wake, huyo mama wa salon ya Nakuru aliyezimiwa ana haki ya kuuliza maswali. Na yale maji nilitaja? Gilgil na Naivasha si mahali pa kucheza na maji. Wafugaji wa hapo watakwambia.

Makaa ambayo hutakiwi kuchoma

Njia ya pili ndio ilileta wasee kwa ankoo. Inaitwa biocha, na kwa kweli ni makaa tu. Mmea ukikua unavuta hewa ukaa. Ukiuacha uoze ama ukiuchoma, gesi inarudi. Lakini ukiuoka kwa tanuri lisilo na hewa, nyuzi 400, 500 na zaidi, unageuka makaa magumu ambayo vijidudu vya udongo haviwezi kuyala haraka. Unayazika shambani badala ya kuyaweka kwa jiko. Wenyeji wa Amazon walichanganya makaa na udongo wao zamani sana, na huo udongo mweusi bado uko, bado una rutuba, baada ya maelfu ya miaka.

Uzuri wa hii ni kwamba haihitaji mashine za mabilioni. Maganda ya mchele, ya kahawa, magunzi, mathenge ya Baringo inayosumbua watu, yote yanaingia. Na makaa yakiwa kwa udongo yanashika maji na mbolea isioshwe na mvua. Ndio maana ukiangalia tani ambazo zimeshafikishwa kweli kwa wanunuzi duniani, nyingi ni za biocha. Wale wa mashine wanapata picha kwa magazeti, wale wa makaa wanapeleka mzigo.

Ya tatu nitaipitia haraka. Unasaga mawe ya volkano yawe unga, unamwaga shambani. Mvua ina asidi kidogo kutoka kwa hewa ukaa, inayeyusha huo unga, na kaboni inasafiri na maji mpaka baharini ikiwa imefungwa. Kwa udongo wenye asidi, na Western mko nao mwingi, unga huo unasaidia kama chokaa. Shida ni kupima. Nani atasimama shambani Kakamega ahesabu kaboni inayoenda na maji ya mvua? Wanajaribu, lakini makisio ni mengi.

Nani ananunua hewa?

Hapa ndio kichwa kiliniuma. Hakuna sheria kubwa inayolazimisha mtu kununua hizi tani. Wengi wananunua kwa hiari. Kampuni ya malipo ya Stripe ilianza 2019 na ahadi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Aprili 2022 ikaungana na Alphabet, ile inamiliki Google, pamoja na Shopify, Meta na McKinsey wakaunda Frontier na ahadi ya dola milioni 925. Lakini mnunuzi mkubwa kuliko wote amekuwa Microsoft. Januari 2020 waliahidi kwamba kufika 2030 watakuwa wanatoa hewani zaidi ya wanachoweka, na kufika 2050 watakuwa wamefuta moshi wote tangu kampuni ianze 1975. Sasa piga picha: soko zima linategemea watu wachache wenye roho safi na akaunti nene. Mmoja akikohoa, wauzaji wote wanalazwa.

Dili zenyewe ukizielewa kama LPO, umemaliza. Mnunuzi anasaini: ukinifikishia tani elfu moja kufika mwaka fulani, nitakulipa hii bei. Pesa haitoki mpaka mzigo ufike. Muuzaji anachukua hiyo karatasi anaenda kwa benki ama kwa mwekezaji kuomba mtaji, vile tu msee wa kusupply viti vya ofisi Industrial Area hufanya. Wakati mwingine mnunuzi anatoa deposit kidogo mapema ili kampuni changa ianze. Kwa hivyo ukisoma "kampuni fulani imeuza tani laki moja", tulia. Mara nyingi imeuza ahadi. Tani zilizofika kweli ni sehemu ndogo ya zile zimesainiwa.

Bei nayo ni kizunguzungu. Kredi nyingine za miti zimeuzwa chini ya dola 10. Biocha huwa kati ya dola 100 na 200 hivi. Mashine za hewa, dola 500 mpaka zaidi ya 1,000. Nilijaribu kuileta mtaani ndio niielewe. Lita moja ya petroli ikichomwa inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hivyo tani moja ni kama lita 430. Boda inayokunywa lita nne kwa siku inamaliza tani kwa miezi mitatu na nusu. Ukitaka mashine iifute kwa dola 600, hiyo ni kama KSh 77,000. Gawanya kwa lita 430, unapata kama KSh 180 kwa lita. Yaani kufuta moshi wa lita moja ni karibu bei ya lita yenyewe pale petrol station. Ndio maana watu wa boda hawanunui hii kitu na Microsoft inanunua.

Na nani anahakikisha tani ni tani? Kuna rejista, kama Puro.earth na Isometric, zinazoandika sheria za kuhesabu na kutoa hati baada ya odita kupita. Wanatoa kila kitu: dizeli ya lori, stima, kaboni itakayovuja baadaye. Inayobaki ndio inauzwa. Hati ikishatumika inafutwa isiuzwe mara mbili. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria yake ya kuthibitisha kaboni iliyotolewa mwaka 2024. Nikuambie ukweli, hii sehemu ya odita ndio inachosha kusoma, na ndio inatofautisha kazi na ukora.

Sheria yetu inasema nini

Tarehe 1 Septemba 2023, siku chache kabla ya ule mkutano mkubwa wa hali ya hewa Afrika pale KICC, Rais alitia saini marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Kanuni za soko la kaboni zikafuata 2024. Kuna mambo mawili kila mtu anayeishi karibu na mradi anafaa kujua.

Moja, mradi kwenye ardhi ya umma ama ya jamii lazima uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, yaandikwe, yasajiliwe. Si ile ya chifu kupewa soda na mbuzi. Mbili, kuna mgao. Miradi inayotegemea ardhi inatakiwa kupatia jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Isiyotegemea ardhi, asilimia 25. Inasikika tamu, si ndio? Soma mstari unaofuata: ni baada ya kutoa gharama za kufanya biashara. Mkenya yeyote ambaye amewahi kuwa kwa chama na mweka hazina mjanja anajua "gharama" ni neno linaweza kunenepa sana. Asilimia 40 ya sifuri ni sifuri.

Na hii si woga wa bure. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa Olkaria kupisha mtambo wa Olkaria IV. Walijengewa nyumba kwingine, lakini malalamiko kuhusu ardhi, barabara na namna walivyohusishwa yalifika mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikabidi wapatanishi waletwe. Huo ulikuwa mradi wa stima safi, kitu ambacho sote tunakipenda. Mashine za kaboni zikija kusimama juu ya mvuke ule ule, watu wa pale watakuwa wanakumbuka.

Hesabu ya ankoo

Nikarudi kwa mzee na kalamu. Maganda ni kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga, kwa hivyo gunia la kilo 100 linatoa kama kilo 20. Tani tatu za maganda, yaani magunia 150, ukizioka unapata karibu tani moja ya biocha. Ya mchele haina kaboni nyingi kama ya mti, ina jivu mingi, tuseme karibu nusu ndio kaboni. Tani moja ya kaboni tupu ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa. Ukitoa usafiri, moshi wa tanuri na ile itavuja, unabaki na kitu kama kredi 1.2. Kwa dola 150 hiyo ni kama KSh 23,000. Gawanya kwa magunia 150.

"Soo na nusu kwa gunia," nikamwambia. "Kabla ya kulipa lori, tanuri, wafanyakazi na odita."

Akanyamaza kidogo. Nadhani alikuwa ameshanunua gari kichwani. Hizi namba ni za mkono wangu, zitapanda na kushuka, lakini zinaonyesha kwa nini hao wasee hawakuja na briefcase ya pesa. Kwa bei hizi hakuna mtu anatajirika na ganda. Ila pia si bure. Kwa kaboni pekee mtu anaweza kutoa kitu kidogo kwa gunia, na bado ile makaa yenyewe ina thamani ya pili kwa udongo, hasa vile mbolea imekuwa bei juu.

Nikamwambia aulize kwanza hati ya tani itaandikwa jina la nani, na kama mkulima yuko mahali popote kwa hiyo karatasi. Halafu biocha inaenda wapi: inarudi Mwea ama inauzwa kwa mashamba ya maua? Wakishasaini, ni ya miaka mingapi, maana ukijifunga miaka kumi kwa bure na bei ya kaboni ipande, utabaki unawaangalia. Na kuna lingine lilinijia tukiongea. Kuna maganda mengine hapo ambayo huwa hayatupwi, yanaenda kwa watu wa kuku na kwa matanuri ya matofali. Hao wakikosa maganda, fundi wa matofali atanunua kuni. Mti unakatwa, na kwa karatasi ya kampuni kaboni imeokolewa. Odita mzuri huuliza hilo swali. Odita mvivu haulizi.

Ankoo aliwaita tena. Hakuwafukuza, mzee ni mtu wa watu. Aliwaambia maganda yapo, lakini warudi Jumanne na karatasi ya kuonyesha watauza kwa nani, na walete magunia mawili ya hiyo biocha. Anataka kuijaribu kwa nyanya kwanza, laini moja na nyingine bila, aone.

Jumanne walikuja. Karatasi walisema bado iko kwa wakili. Magunia mawili walileta.